Kongamano la Ushairi Kisumu: Asubuhi Lipa, Alasiri Rudi Nyumbani

Barua ya mwaliko hufika shuleni muhula wa kwanza ukielekea ukingoni: kongamano la ushairi, Jumamosi moja, bwaloni mwa shule mwenyeji hapa Kisumu, Kidato cha Tatu na cha Nne, shilingi 300 kila mwanafunzi, chai na chakula cha mchana humo humo. Wawezeshaji ni watatu, wote walimu waliowahi kusahihisha karatasi ya tatu ya Kiswahili katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari. Kundi lenyewe hatulitaji. Makundi ya namna hii ni mengi kuanzia Nakuru hadi Kakamega na ratiba zao hazipishani sana, kwa hiyo mwalimu anayepima kama apeleke wanafunzi au la atayakuta mambo yake humu hata kama barua aliyo nayo mezani imetoka kwa wengine.

Hukumu yetu ni hii: vipindi vya kabla ya chakula vinazidi thamani ya pesa iliyolipwa. Vya baada ya chakula ni porojo, na vingine vinabomoa kilichojengwa asubuhi.

Kwanza, kwa nini ushairi utafutiwe siku yake peke yake. Karatasi ya tatu, yaani 102/3, ina alama 80 na hufanywa kwa saa mbili na nusu. Mtahiniwa hujibu maswali manne ya alama 20 kila moja, mojawapo likiwa la lazima. Riwaya, tamthilia na hadithi fupi zina vitabu teule ambavyo darasa huvisoma na kuvirudia mpaka majalada yanatoka. Ushairi hauna kitabu. Shairi linaloletwa chumbani mwa mtihani mwanafunzi hajawahi kulitia machoni, ndiyo maana wengi hulikwepa, na swali la lazima likiangukia ushairi hakuna pa kukimbilia. Shuleni nako somo hili husogezwa hadi mwisho wa silabasi, kisha hufunzwa kwa haraka kama orodha: tarbia, takhmisa, sitiari, tashihisi, maana pembeni, nakili, kengele. Mwanafunzi wa namna hiyo atakueleza hata akiwa usingizini kwamba tashihisi ni kukipa kisicho mtu tabia za mtu. Mpe ubeti mgeni umwambie aeleze tashihisi iliyomo inafanya kazi gani, atakutumbulia macho.

Kongamano hili linaanza na mizani, yaani idadi ya silabi katika kila mshororo (mstari wa shairi), na hapo ndipo tulipoona kwamba wawezeshaji wanalijua darasa. Hawaanzi na maana ya mizani. Bwalo zima linapiga makofi, kofi moja kwa kila silabi, mshororo baada ya mshororo, polepole, hadi sauti ya makofi iwe moja. Anayepiga kofi la ziada anajisikia mwenyewe. Makosa yanayojitokeza ni yale yale ya kila shule. Kuna anayehesabu herufi. Kuna anayezimeza irabu mbili zinazofuatana: maua anayapa makofi mawili badala ya matatu, kuuza vilevile. Na kuna tatizo la m na n, ambalo hata vitabu vingi vya marudio hulipita juu juu.

Hilo la m walilifundisha vizuri kuliko tulivyowahi kuona. Mbuzi ana silabi mbili, mbu-zi. Mbunge ana tatu, m-bu-nge. Kwa nini, na yote yanaanza kwa mb? Weka katika wingi. Mbuzi hubaki mbuzi, kwa hiyo m na b zimeshikamana na hazitenganishwi. Mbunge huwa wabunge, m imeondoka, kumbe ilikuwa kiambishi na ilistahili kofi lake. Kisha kuna maneno mafupi kama nchi, ambayo n yake inasimama peke yake: n-chi, makofi mawili. Dakika kumi tu, na mwanafunzi anaondoka na kipimo cha kubeba hadi chumbani mwa mtihani. Kosa la silabi moja huzaa jibu la mizani 15 pale penye 16, na mtahini hana huruma na hilo.

Vina, yaani silabi za mwisho zinazofanana, vinafuata, na hapa kuna jambo ambalo mtu wa Pwani asingelifikiria. Dholuo, lugha ya wengi hapa Kisumu, haina sauti ya sh wala ya z. Mwanafunzi aliyekulia Nyakach au Seme anaweza kusoma mishororo miwili, mmoja ukiishia -sha na mwingine -sa, akaandika kwa imani kamili kwamba vina vinafanana, kwa sababu kinywani mwake vinafanana kweli. Kundi hilohilo likienda Nakuru hubadilisha zoezi: kwa wanaozungumza Kikalenjin wanakazania p na b, t na d, k na g; kwa wanaozungumza Gikuyu, l na r. Zoezi lenyewe ni jozi za vina zilizoandikwa kwenye manila, mwanafunzi anasoma kwa sauti huku kidole kikiwa juu ya herufi. Kanuni: vina huamuliwa kwa jicho kwanza, sikio baadaye. Hakuna aliyechekwa, na hilo tunawapongeza nalo, maana bwalo la vijana wa miaka 16 halihitaji sababu kubwa ya kucheka.

Bahari za ushairi, yaani aina za mashairi kwa umbo lake, wanazirefusha kupita kiasi. Saa nzima ya ukaraguni, pindu, kikwamba, msuko, mavue na jamaa zake, na nusu yake ingetosha. Cha maana walikisema mara moja tu wakaendelea: swali likitaka bahari kwa kuzingatia vina, vipande na idadi ya mishororo, hayo ni majibu matatu na kila moja linadai ithibati yake. Kuandika "ni tarbia kwa sababu lina mishororo minne katika kila ubeti" ni jibu. Kuandika "ni tarbia" ni kubahatisha.

Sasa tufike kwenye kipindi kinachobeba siku nzima, cha saa nne hadi saa sita: tamathali za usemi. Ubeti ufuatao tumeutunga sisi, kwa kuwa kijitabu chao hakiruhusiwi kunakiliwa, ila njia ya kuuchambua ni yao. Gugu linalotajwa ni gugumaji, mmea unaotanda juu ya maji ya ziwa.

Gugu limefunga ziwa, mitumbwi imesimama,
Samaki wamepunguwa, wavuvi wanalalama,
Wachuuzi wachukuwa, mikopo isiyokoma,
Ewe gugu watuuwa, utahama lini jama?

Mwezeshaji anakataza jina la tamathali lisitajwe kwa robo saa ya kwanza. Kwenye ubao ameandika maswali matatu. Ni kitu gani kinazungumziwa, na kimepewa sura au tabia ya kitu gani kingine? Sifa ipi ndiyo inayoviunganisha? Msomaji anaonyeshwa au anahisishwa nini ambacho maneno ya kawaida yasingempa? Wanafunzi wanajibu wawiliwawili kwa penseli. Baada ya hapo ndipo jina linawekwa juu ya kile walichokwisha kukiona.

Tazama kinachotokea kwenye kibwagizo, yaani mshororo wa mwisho. Jibu la kwanza la karibu kila dawati ni: "Mshairi ametumia tashihisi, ewe gugu watuuwa." Hilo ni kutaja na kunukuu, basi. Swali la pili linamsukuma mwanafunzi aongeze kwamba gugu limepewa uwezo wa kuua na wa kuhama, mambo ya binadamu. Swali la tatu ndilo gumu, na ndilo linalomtenga anayechambua na anayekariri: kwa kulisemesha gugu ana kwa ana, kana kwamba ni mtu aliyehamia mtaani na akatesa majirani, mshairi anaonyesha watu waliochoka kusubiri na wasio na mahali pa kupeleka mashtaka, hata wameishia kumlalamikia mhalifu mwenyewe. Sentensi ya mwisho hiyo haikutoka kwa mwezeshaji. Ilitoka nyuma ya bwalo, kwa Kiswahili cha kubabaika kidogo, na mwezeshaji alikuwa na busara ya kuiandika ubaoni kama ilivyo.

Mshororo huohuo una swali la balagha pia, maana hakuna anayetarajia gugu lijibu, na kama unarudi mwishoni mwa kila ubeti, basi kuna takriri. Mwanafunzi afunzwe kwamba mshororo mmoja waweza kubeba tamathali mbili au tatu. Akitumia mfano mmoja kwa hoja mbili bila kubadilisha maelezo, hata hivyo, ataonekana kama anayeuza sukari ileile mara mbili. Achague mfano mwingine akiupata.

Walipofika "mitumbwi imesimama", mikono ishirini ilinyanyuka: tashihisi! Hapana. Chombo kusimama ni matumizi ya kawaida ya neno. Gari husimama, saa husimama. Hili ndilo kosa tunalokutana nalo zaidi katika madaftari, kuona tashihisi popote penye kitenzi. Kipimo chao ni chepesi: je, ungelisema neno hilo juu ya kitu hicho ukiwa stejini unasubiri matatu, bila mtu kugeuka kukutazama? Kama ndiyo, si tamathali. "Limefunga ziwa" ilizua ubishi wa dakika nyingi, na ubishi wenyewe ndio uliokuwa funzo. Wengine walidai gugu hufunga njia kihalisi. Wengine walisema kinachofungwa ni duka au lango, kwa hiyo ziwa limefanywa mahali pa kazi ambapo mtu amekuja akatia kufuli, nayo ni sitiari. Mwezeshaji alikubali upande wa pili, akaeleza kwamba wa kwanza nao wangepata alama endapo wangetetea jibu lao kutoka ndani ya shairi. Hapo tulitaka kushangilia. Kwa "mikopo isiyokoma" walipita upesi: ni chuku, yaani kutia chumvi, deni lina tarehe ya mwisho, lakini kwa anayelipa kila siku ya soko mwisho huo hauonekani.

Jazanda, yaani picha inayosimamia jambo jingine, ndiyo iliyowapa shida wawezeshaji wenyewe. Wanafunzi wetu wamezoeshwa kwamba kila gugu ni ufisadi, kila usiku ni ukoloni na kila mama ni Kenya. Mwanafunzi mmoja alisema gugu ni viongozi wabaya, akapigiwa makofi, kikao kikasonga mbele. Hapana jamani. Aulizwe: mshororo upi mwingine unakusukuma huko? Katika ubeti huu mmoja hakuna. Kuna ziwa, samaki, mitumbwi na deni. Kama ubeti wa tatu ungetaja viti, kura au ofisi, hapo jazanda ingekuwa na miguu. Gugumaji katika ghuba ya Winam ni jambo halisi linalozuia mitumbwi kila msimu, na shairi lina haki ya kuwa juu ya kitu kilekile linachokitaja.

Nafsineni wanaifundisha kwa makini. Nani anasema hapa? Jibu la haraka ni mvuvi. Lakini mshororo wa pili unasema "wavuvi wanalalama", si "tunalalama", na wa tatu unawataja wachuuzi vivyo hivyo kwa mbali. Kisha ghafla, "watuuwa". Kiambishi -tu- kinamwingiza msemaji ndani ya wanaoumizwa. Kwa hiyo nafsineni ni mwanajamii wa kando ya ziwa, si lazima awe mvuvi wala mchuuzi, anayeona balaa ikimfikia na yeye. Nafsinenewa, yaani anayesemeshwa, ni gugu. Alama mbili au tatu zimelala ndani ya silabi moja. Toni, yaani hisia inayosikika katika sauti ya msemaji, ndiyo waliyotakiwa kuiunganisha hapohapo, ila waliipeleka alasiri ambako ilipotea. Tunaiweka hapa: toni ni ya kulalamika, ithibati ni neno "wanalalama" na swali la mwisho. Anayeandika "toni ni gugumaji" au "toni ni umaskini" ameitaja mada au maudhui, na kosa hilo halimalizwi kwa kumpa orodha ya toni. Mwambie asome ubeti kwa sauti, mara ya kwanza kama anayesifu, mara ya pili kama anayelalamika, aone upi unakubali maneno.

Uhuru wa mshairi ulifunzwa kwa kosa ambalo lazima tuliseme, maana limechapishwa ndani ya kijitabu. Kijitabu kinasema kugeuza pungua kuwa punguwa ni mazda, eti kwa kuwa herufi imeongezwa. Si mazda. Pu-ngu-a ni silabi tatu, pu-ngu-wa ni tatu. Mshairi amebadilisha umbo la silabi ya mwisho ili kina cha -wa kilingane na cha "ziwa", mizani ikabaki palepale 8. Hiyo ni tabdila, na ubeti wetu unayo mara tatu: wamepunguwa, wachukuwa, watuuwa. Njia ya kuondoa utata ni makofi yaleyale ya asubuhi. Hesabu silabi za neno la kawaida, kisha za neno la mshairi. Zikiongezeka ni mazda, zikipungua ni inkisari, zikibaki sawa ni tabdila. Na baada ya kutaja, mwanafunzi aseme kwa nini: ametosheleza mizani au amepata urari wa vina. Jina bila sababu ni nusu ya jibu.

Zoezi la lugha nathari, au tutumbi kama wengine wanavyoliita, lilikuwa zuri na fupi. Mwanafunzi dhaifu huunganisha mishororo tu akaacha mengine yalivyo: "Gugu limefunga ziwa, mitumbwi imesimama, samaki wamepungua." Hajafanya chochote. Wawezeshaji wanadai mambo mawili: kila mshororo utoe wazo lake, na maneno ya vina yabadilishwe kwa makusudi ili shairi lisijirudie lenyewe. Jibu linalopita huwa hivi: "Gugumaji limetanda ziwani hata mitumbwi haiwezi kwenda. Samaki wamekuwa haba, na wavuvi wananung'unika. Wanaouza samaki wanaishi kwa madeni yasiyokwisha. Mshairi anauliza adha hii inayowamaliza itaondoka lini." Mawazo manne, alama nne. Wanaofupisha kuwa sentensi moja hujinyima tatu, na wanaoongeza maoni yao juu ya utunzaji wa mazingira huandika insha ambayo hawakuombwa.

Lalamiko letu kubwa kuhusu asubuhi ni shairi huru. Limepewa dakika ishirini, na nusu yake ilikwenda kwenye tangazo la chai. Haikubaliki, kwa sababu mtahini anaweza kuleta la arudhi, yaani linalofuata kanuni za vina na mizani, au huru, na mwanafunzi aliyezoea kuhesabu hujikuta hana cha kuhesabu. Chukua mishororo hii, nayo ni yetu:

Soko la jioni
linahesabu vidole
vya mama aliyebeba
kikapu cha upepo.

Jibu la kawaida la swali la umbo ni "halina vina wala mizani", kisha nukta. Hilo ni kueleza kisichokuwepo. Mwanafunzi aonyeshwe kilichopo: mishororo ni mishata, kwa maana haijitoshelezi, "linahesabu vidole" inangoja "vya mama", na "aliyebeba" inangoja "kikapu". Urefu unatofautiana, mizani 6, 8, 8 na 7. Kisha aulizwe umishata huo unafanya nini. Unamfanya msomaji asubiri kujua mama amebeba nini, na anapofika mwisho anakuta upepo. Mpangilio wa mishororo ndio unaochelewesha habari mbaya. Maswali yale matatu ya tamathali yanafanya kazi hapa bila kubadilishwa hata neno: soko linahesabu kama mtu, vidole vinahesabiwa kwa sababu hakuna kingine mikononi. Kipindi cha saa moja juu ya hili kingekuwa na faida kuliko ile saa nzima ya bahari.

Alasiri. Ugali, maharagwe na sukuma wiki, chakula cha kutosha, tuseme ukweli. Kisha bwalo lenye paa la mabati, jua la Kisumu la saa nane, na mtu mwenye kipaza sauti anayeimbisha orodha ya tamathali 40 kwa mahadhi ya injili. Wanafunzi wanafurahi. Wanaamka. Wanakariri. Na papo hapo wanafundishwa sentensi ya kumalizia kila jibu: "mshairi ametumia mbinu hii ili kupamba lugha na kuvutia msomaji." Sentensi hiyo yaweza kubandikwa chini ya shairi lolote duniani, kwa hiyo haisemi lolote kuhusu hili lililo mbele yako. Kijana aliyetoka kueleza saa tano jinsi watu wanavyomlalamikia mhalifu wao anapewa saa nane kibali cha kuacha kufikiri.

Kinachofuata ni kibaya zaidi: karatasi ya "maswali yanayotarajiwa", shilingi 50 za ziada. Shairi la mtihani halijulikani, na anayedai analijua ama anauza hewa ama anauza kitu ambacho shule haitakiwi kukigusa. Walimu wasindikizaji wakatae pale pale na wawaambie wanafunzi wao kwa nini.

Kuhusu mpangilio. Idadi ya watu ndiyo inayoamua kama siku itafaa. Tulipoona kongamano hili likiwa na wanafunzi zaidi ya 300 bwaloni, makofi ya mizani yalifana lakini kipindi cha tamathali kiligeuka hotuba, waliojibu ni wale wa viti vya mbele. Nakuru waliligawa katika madarasa matatu, kila mwezeshaji na chumba chake, wanafunzi kama 50 kwa wakati mmoja, wakizunguka. Tofauti ilikuwa kubwa. Mwalimu mkuu akipokea barua, swali la kwanza la kumpigia mwandaaji liwe ni shule ngapi zinakuja na kuna vyumba vingapi. Jibu likiwa "bwalo ni kubwa, mwalimu, usijali", hiyo ni sababu ya kujali.

Shule zinazotoka mbali, Bondo, Ugunja, hata Luanda barabara ikiwa na msongamano, hufika saa tatu na kukosa mizani. Bila mizani, somo la tabdila na mazda la baadaye halitashika. Ama zitoke alfajiri ama mwalimu afundishe kupiga makofi wiki moja kabla. Kila mwanafunzi aje na daftari, penseli na kalamu ya rangi ya pili ya kupigia mstari. Na mwalimu wa Kiswahili asindikize mwenyewe na akae ndani. Tuliona walimu wakinywa chai ofisini huku wanafunzi wakifunzwa kwamba punguwa ni mazda, na kosa hilo likarudi nao shuleni likiwa na muhuri wa "mtahini alisema".

Kidato cha Tatu ndio wanaonufaika zaidi. Kwa Kidato cha Nne wa muhula wa tatu siku hii imechelewa; watabeba orodha tu na hofu. Ukiwapeleka Kidato cha Tatu, panga vipindi viwili vya dakika 40 katika wiki mbili zinazofuata: cha kwanza, ubeti mgeni na maswali matatu bila kutaja majina ya tamathali, cha pili, shairi huru walilolikosa. Usikubali tarehe ya likizo hata ukipunguziwa bei, kwa kuwa Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imekataza masomo ya likizo.

Shule zilizoanza na Gredi ya 10 ya mfumo mpya wa elimu mwezi wa Januari 2026 zinauliza kama siku hii itawafaa. Kongamano bado limejengwa juu ya 102/3, na KCSE ya mwisho ni ya 2027. Vipindi vya mizani na vya tamathali havifungwi na mfumo wowote, mwanafunzi wa Gredi ya 10 atavitumia vilevile. Vya alasiri havimhusu kabisa, na kijitabu chenyewe kinazungumzia alama na karatasi ambazo hatazifanya.

Nyota tatu kati ya tano kwa siku nzima, nne kwa asubuhi pekee, na tungeongeza ya tano kama kijitabu kingesahihishwa na shairi huru likapewa saa yake. Kuna bei ya nusu siku ambayo haiandikwi kwenye barua: shilingi 180 kwa kichwa, kijitabu ndani, bila chakula. Inabidi uulize, na uulize kabla ya kutuma orodha ya majina, kwa sababu wakishapika hawakubali tena.